Ku simu ya usiku, mtu wa afya atangulie, polisi afuate

Vijana wenzetu wa Beni, wa Butembo, wa Oicha, na ninyi wote munaotusoma kutoka mbali,

Swali moja kwanza. Ni saa nne ya usiku. Mu parsele ya jirani kijana ameanza kuvunja sahani, anapiga kelele kwamba kuna watu wanamwita kutoka mu ukuta. Amekamata panga. Mama yake amejifungia mu jiko. Unamwita nani?

Tuseme ukweli: tunamwita yule ambaye tuko na namba yake. Shefu wa kartie, pasta, ao ofisa fulani wa polisi ambaye namba yake inazunguka mu WhatsApp ya avenyu. Hakuna anayemwita muganga, juu hakuna muganga wa mambo hayo anayeitika usiku. Basi polisi wanafika, kama wanafika, na wanafika na vitu walivyo navyo: bunduki, fimbo, kamba. Kijana anafungwa mikono, anapakiwa, anaenda ku kasho. Asubuhi familia inaanza kutafuta pesa ya kumtoa, ijapokuwa hakuna plenti, hakuna dosie, na hakuna kosa ambalo OPJ anaweza kulitaja jina.

Tunachoomba kinaweza kuandikwa ku ukurasa mmoja. Simu ya namna hii ikiingia, watoke wawili pamoja, mtu wa afya ya akili na polisi, na mtu wa afya njo aongee kwanza. Polisi akae nyuma yake.

Najua kuko wenye watacheka. Watu wanauawa mu mashamba tangu Oktoba 2014, barabara hazipitiki, na huyu analeta mambo ya wazimu? Lakini ni hapa hapa, juu ya vita hii, njo jambo hili linakuwa la kufa na kupona. Fikirieni mgonjwa anayetembea usiku wakati wa kutotoka nje. Askari anamwambia simama, hasimami. Anamuuliza jina, anajibu maneno yasiyoeleweka. Hana karte. Mu mji mwingine watu wangesema huyu ni mgonjwa. Mu mji wetu kuko neno lingine linalokuja haraka ku midomo, ADF, na mukishasikia neno hilo likipigwa kelele mu avenyu, munajua mawe na petroli viko karibu. Mtu ambaye akili imemtoka hawezi kujieleza. Hicho njo kitu ambacho hawezi kabisa, na ni hicho tu tunamuomba ili tumuache hai.

Na wagonjwa wanaongezeka. Sina hesabu ya kuwapa, ila kila mmoja wenu anaweza kuhesabu mu avenyu yake: mama aliyeona watoto wake wakikatwa na tangu siku ile haongei, baba anayeamka usiku na kuamrisha nyumba yote ilale chini, kijana aliyeanza bangi juu ya kutafuta usingizi na usingizi haukuja. Wengi wao hawamtishi mtu. Wanaogopa tu. Lakini mtu mwenye kuogopa sana, ukimjia na tochi ya machoni na watu sita wenye kupiga kelele, atafanya nini?

Niwaelezee kitu tulichokiona ku avenyu yetu, bila jina la mtu wala la kasho. Jirani mmoja, kijana wa rika letu, alishikwa mara mbili na hali hiyo. Mara ya kwanza polisi walimpeleka ku kasho na akalala humo siku tano. Hakuna aliyempa dawa. Wenzake wa ndani walimpiga juu alikuwa anaimba usiku. Alitoka na vidonda ku mikono, mahali kamba ilipita, na tangu hapo akiona ofoma yoyote, hata ya mlinzi wa duka, anakimbia.

Mara ya pili ilikuwa bahati tu. Polisi wawili walikuwa wamefika tayari, na nyuma yao mama mmoja mwenye kufanya kazi ya enfermie, alikuwa anarudi nyumbani kwa zamu yake. Aliomba polisi waache bunduki ku mlango wa parsele, na mmoja abaki nazo hapo. Alifukuza watazamaji, sisi pia. Akasema mzime tochi. Kisha akaketi ku bidon, mbali kidogo na yule kijana, akamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Akamuuliza tangu siku gani hajalala. Siku nne. Waliongea pengine saa nzima, mengine yalikuwa hayana kichwa wala miguu, na mama yule hakumbishia hata neno moja kuhusu watu wa mu ukuta. Mwisho akamwambia: "Leta hiyo panga nikutunzie, kesho utanipasulia kuni." Kijana akaitoa. Walienda naye ku kituo cha afya kwa miguu, polisi mmoja mbele, mmoja nyuma, bila kamba.

Wale polisi wawili walifanya kazi nzuri usiku ule, tena sana. Bila wao mama yule hangeingia mu parsele yenye panga, na hangepita mu barabara saa hiyo. Na bila mama yule, wao wangefanya kama mara ya kwanza. Hiyo njo timu tunayoitaka. Ilifanyika mara moja, kwa bahati, bila posho na bila karatasi ya mkubwa yeyote. Tunataka ifanyike bila kungojea bahati.

Tena hatuombi zawadi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi zaidi ya masaa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kifungu hicho hicho kinasema mwenye kufungwa anapaswa kutendewa kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Ya akili, imeandikwa. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Siku tano mu kasho kwa mtu ambaye kosa lake ni homa ya kichwa zinavunja vifungu hivyo vyote kwa mara moja, na hakuna mu kartie yetu aliyeshangaa. Tumezoea.

Mahali pengine wamejaribu, na tuangalie vile ilivyoenda, mazuri na mabaya. Mu Memphis, Marekani, mwaka 1987, mama alipigia polisi simu juu mtoto wake, kijana mweusi wa miaka 27, alikuwa anajikata kwa kisu. Polisi walifika, wakamuua kwa risasi. Mji uliwaka hasira, na mwaka uliofuata polisi, waganga na familia za wagonjwa walitengeneza pamoja mafunzo ya masaa 40 kwa askari watakaojibu simu za namna hiyo. Miji mingi ya Marekani ilifuata. Ni hatua, lakini bado anayekuja ni polisi, amefundishwa tu.

Mu Eugene, jimbo la Oregon, walienda mbele zaidi. Kuanzia 1989 kliniki ya White Bird ilituma gari lenye watu wawili, mmoja wa mambo ya dawa, mwingine wa mambo ya akili, bila silaha. Huduma hiyo iliitwa CAHOOTS. Simu ilipitia njia ile ile ya kuita polisi, na anayepokea alichagua amtume nani. Kwa hesabu za kliniki yenyewe, mwaka 2019 walijibu simu kama 24,000, na walizohitaji kuita polisi waje kuwasaidia hazikufika 2 kwa 100. Kwa hiyo ile hofu ya "bila bunduki watauawa" tuipunguze kidogo. Lakini Aprili 2025 huduma hiyo ilisimama mu Eugene juu ya pesa. Miaka zaidi ya 35, na ikazimwa kama taa. Tutarudi ku hiyo.

Mfano ambao mimi siwezi kuusahau unamhusu mtu wa karibu yetu. Alfred Olango alikuwa mkimbizi kutoka Uganda, ng'ambo tu ya Semuliki yetu. Alikuwa na miaka 38, anaishi El Cajon, California. Tarehe 27 Septemba 2016 dada yake alipiga simu ya dharura zaidi ya mara moja: ndugu yangu hayuko sawa, njooni mumsaidie. Alikuwa amefiwa na rafiki. Polisi walifika kama dakika 50 baadaye. Kisha, tangu walipomkaribia, haikupita dakika moja na nusu: Olango alikuwa amepigwa risasi. Kitu alichokuwa amekamata mkononi kilikuwa kifaa cha kuvutia moshi. Mwezi wa Januari 2017 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba askari hatashtakiwa.

Na hapa musome polepole: polisi wa El Cajon walikuwa na timu ya pamoja. Muganga wa akili na polisi mu gari moja, kabisa ile tunayoomba sisi. Siku ile ilikuwa ku simu nyingine.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ukishakuwa na timu moja yenye jina nzuri na tisheti, kazi imekwisha. Timu moja kwa mji mzima ni picha ya kuweka ku Facebook. Dada wa Olango alihitaji mtu wa pili wa zamu, ao angalau askari aliyeambiwa: kama timu haipo, simama mbali, ongea polepole, ngoja. Muda ulikuwepo. Walikuwa wameishachelewa dakika 50, wangeweza kungojea zingine kumi.

Uingereza wao walitumia sheria. Tangu Desemba 2017, mu England na Wales, mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuwekwa mu kasho ya polisi kama mahali pa kumlinda juu ya ugonjwa wa akili, na kwa mkubwa ni kwa hali ya pekee tu. Polisi pia anapaswa, ikiwezekana, kuuliza mtu wa afya kabla ya kumchukua mgonjwa. Kumbuka: kuuliza tu, kwa simu. Hiyo haihitaji jeep wala mafuta. Sisi tunaweza kuianza juma hili.

Sasa turudi nyumbani, juu mimi nakataa kusema kwamba kitu hiki ni cha wazungu. Sisi tulikiona. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola, na mu Riposti kulikuwa na watu wa pisikososiali. Munawakumbuka: walikuwa wanaenda mu familia kabla ya mazishi, wanaketi, wanaeleza, wanangojea watu walie. Munakumbuka pia zile jeep zilizokuja na askari mbele na silaha juu, na mawe yaliyorushwa. Kulikuwa na mambo mengi mabaya mu Riposti, na neno "Ebola biznesi" halikuanguka kutoka mbinguni. Lakini mahali ambapo aliyetangulia ku mlango alikuwa mtu wa mji, anayeongea Kinande na Kiswahili chetu, asiye na haraka, milango ilifunguka. Ambapo silaha ilitangulia, milango ilifungwa. Somo hilo lililipiwa kwa watu 2,287 waliokufa, na kwa waganga waliouawa wakiwa ku kazi. Riposti ilipofunga virago, wapisikologi nao walirudi nyumbani kukaa.

Mutasema: wee, si unatafuta kazi? Ndiyo, natafuta kazi. Nilisoma pisikolojia, wazazi waliuza shamba juu ya minervali, dipolome iko mu fardi ya plastiki chini ya kitanda, na kwa sasa nauza yuniti. Tuko wengi hivyo. Kama mtu anaona aibu kwamba mshomeri anataka kufanya kazi aliyoisomea, wakati wagonjwa wanafungwa kamba mita mia mbili kutoka kwake, basi aibu hiyo aibebe mwenyewe.

Hata hivyo mpisikologi peke yake hatoshi, na tuseme wazi. Anayetoa dawa ni muganga ao enfermie. Haloperidol na diazepam ziko ku orodha ya dawa za msingi ya OMS, lakini enda uulize ku kituo cha afya cha kartie yako kama ziko ku etajeri. Hospitali zenye kujua kazi hii kweli zinahesabika: CNPP Kinshasa, Guislain Lubumbashi, Sosame Bukavu, Tulizo Letu Goma. Kutoka Beni kufika Goma ni barabara munayoijua, na kumpitisha mgonjwa mwenye kelele ku vizuizi vyote vile sitamshauri mtu. Maana yake tujifunze kutuliza hapa hapa, usiku wa kwanza, ku hospitali jenerali ao ku kituo cha afya, ku kitanda kimoja kilichotengwa. Kama hakuna mahali pa kumpeleka, timu nzuri kabisa itazunguka na mgonjwa hadi asubuhi, na mwisho wa safari itakuwa kasho, ao chumba cha maombi chenye minyororo.

Kuhusu polisi, nitasema kitu ambacho wenzetu wengine hawatapenda. Polisi wetu wa chini naye anakaa mu vita hii hii. Mshahara unachelewa, analala mu nyumba ya mbao, amezika wenzake. Tunamtuma usiku ku mtu mwenye panga, bila kumfundisha hata dakika kumi, kisha tunashangaa kwamba anapiga. Wakati mwingi tunamkosoa, na tutaendelea. Hapa lakini kumpa mwenzake wa afya ni kumpunguzia mzigo.

Hesabu ya watu si kubwa. Mji wa Beni uko na komini nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Timu ya watu wawili kwa kila komini ni watu wanane kwa usiku, wanne wa afya na wanne wa polisi. Moto nne. Simu nne zenye namba moja ambayo kila mtu anaijua, mpaka bibi mwenye kuuza sombe. Butembo pia komini ni nne, hesabu ni ile ile. Na kwa kuwa Eugene imetufundisha pesa ya wafadhili na ya bajeti inavyoweza kukauka, tunataka wale wa afya wawe watu wa zoni ya afya, walioandikwa kwa zamu yake ya kila siku. Tumechoka na miradi ya miezi sita yenye logo kubwa ku mlango wa gari.

Bahati yetu, kama ni bahati, ni kwamba tangu eta de siyeji ya Mei 2021 serikali iliweka maofisa wa polisi ku kiti cha meya, Beni na Butembo pia. Tulilalamika na bado tunalalamika, mji unastahili meya wa raia. Ila wakati huu meya hawezi kutuambia kwamba polisi si kazi yake. Anaketi na komanda, anamuita medsin shefu wa zoni, sahihi tatu ku karatasi moja.

Karatasi hiyo iseme: namba moja ya simu. Kabla ya kutoka, polisi ampigie mtu wa zamu wa afya. Silaha ibaki ku mlango wa parsele, isipokuwa mgonjwa ana bunduki ao kuna mtu anayekaribia kuuawa. Mgonjwa asiye na kosa asilale ku kasho hata usiku mmoja, na familia isilipe faranga hata moja. Timu ipewe ruhusa ya kutembea wakati wa kutotoka nje, yenye kujulikana na kila pozisio, juu hatutaki kuzika mpisikologi aliyepigwa risasi na doria. Na kila simu iandikwe mu daftari: saa gani imeingia, nani ametoka, mgonjwa ameishia wapi. Daftari hilo tutaomba kuliona kila mwezi, bila majina ya wagonjwa.

Barua imekwisha kuandikwa, ukurasa mmoja na nusu, na tutaipeleka ku meri tukiwa na nakala ya komanda na ya medsin shefu. Mbele ya hapo tunahitaji vitu viwili kutoka kwenu. Familia ambazo mgonjwa wao alipita ku kasho mwaka huu, mutuambie alikaa siku ngapi na mulilipa ngapi. Jina lenu halitatoka. Na ninyi wenye dipolome za pisikolojia na za uenfermie munaokaa nyumbani, mutume jina, namba ya simu na komini munayoishi. Andikeni pia kama munaweza kutoka usiku.